Uvimbe wa tezi ya mate usiosikia antibiotiki: TB au saratani? Kisu au sindano?

Tabibu_Kijijini aliandika:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa watu wa ENT (masikio, pua na koo), maabara na kitengo cha TB.

Mgonjwa ni mama wa miaka 34, kilo 52. Ana uvimbe upande wa kushoto, mbele na chini ya sikio, na ndewe imeinuka kwa nje. Umekua taratibu, sasa ni wiki ya 10 na una sentimita 4 kwa 3. Hauumi, hauna joto, ngozi haijabadilika rangi, na hauongezeki wakati wa kula. Hana homa, hakohoi, hatoki jasho usiku, uzito haujashuka. VVU hasi. Amemaliza kozi mbili za amoksisilini-klavulaneti za siku 7 kila moja, uvimbe uko palepale. Eksirei ya kifua ni safi. Ultrasaundi inasema vinundu viwili vyeusi ndani ya tezi ya parotidi (tezi ya mate iliyo mbele ya sikio), kimoja kina majimaji katikati, pamoja na mitoki miwili midogo ya shingo upande uleule.

Mwenzangu mmoja anasema apelekwe atolewe tezi. Mwingine anasema tupasue hapahapa usaha utoke. Mimi nahisi TB, ila kifua ni safi na sijawahi kusikia TB ikikaa kwenye tezi ya mate. Inawezekana? Nianzie wapi? Je, sindano ya kunyonya sampuli haiwezi kuharibu neva ya uso? Na ikithibitika, ni miezi sita ileile?

---

ENT_Kanda alijibu:

Inawezekana kabisa, na kifua safi hakiiondoi. Wagonjwa wengi wa TB ya tezi za mate hawana dalili yoyote ya mapafu, na wengi hawana homa wala jasho la usiku. Ndiyo maana wanaishia kufanyiwa upasuaji wa "tumor" halafu jibu la histolojia (kinyama kilichosomwa kwa darubini) linarudi TB.

Ni ugonjwa adimu hata kwenye nchi zenye TB nyingi kama yetu. Mate yanatiririka muda wote, kwa hiyo vijidudu havipati nafasi ya kutulia, na yana vimeng'enya kama lisozaimu vinavyovibana. Kwa nini basi parotidi ndiyo inayoongoza? Kwa sababu ya maumbile yake: wakati mtoto anaumbika tumboni, parotidi hufungwa na kifuko chake kwa kuchelewa, ikabaki na matezi ya limfu ndani yake. Hakuna tezi nyingine ya mate iliyo hivyo. Vijidudu vikitoka kinywani au kwenye tonsili kupitia mishipa ya limfu, au vikija na damu kutoka kwenye doa la zamani la mapafu, vinanasa kwenye matezi hayo. Kwa hiyo mara nyingi kinachougua ni tezi la limfu lililo ndani ya tezi ya mate, na unapata kinundu kama cha mgonjwa wako. Aina nyingine, ambapo nyama yenyewe ya tezi inaugua na tezi yote inavimba, ni nadra zaidi. Kwa tezi ya chini ya taya matezi ya limfu yapo pembeni yake, si ndani, kwa hiyo mengi yanayoitwa TB ya tezi ile ni mtoki uliokaa jirani.

Kabla ya sindano, mpime hivi. Mwambie anyanyue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, ajaze upepo mashavuni, aonyeshe meno. Upande mmoja ukilegea, fikiria saratani kwanza, maana TB kulemaza neva ya uso ni jambo la nadra sana, na rufaa iwe ya haraka. Kisha mwambie afungue mdomo, tafuta tundu la mfereji wa parotidi kwenye shavu, mkabala na gego la pili la juu. Kamua tezi kutoka sikioni kuja mbele huku ukiangalia tundu. Ukiona usaha, hiyo ni parotaitisi ya bakteria wa kawaida, mara nyingi Staphylococcus aureus, na mgonjwa huwa na maumivu na homa. Angalia tonsili ya upande ule kama imesukumwa katikati: hiyo ni dalili kwamba uvimbe umeingia tabaka la chini la tezi. Usisahau ngozi ya kichwa na sikio, maana saratani ya ngozi ya huko hutua kwenye matezi hayahaya.

Matubwitubwi huja kwa siku, si kwa miezi. Jiwe la mfereji huvimbisha tezi wakati wa kula, na mengi huwa kwenye tezi ya chini ya taya. Uvimbe laini wa pande zote mbili uliokaa muda mrefu kwa mtu mwenye VVU mara nyingi ni vifuko vya maji. Wako ni upande mmoja, mgumu, una majimaji katikati na mitoki ya jirani. TB iko juu kabisa kwenye orodha yangu, ikifuatiwa na adenoma (uvimbe usio saratani) na limfoma (saratani ya matezi ya limfu).

Hao wanaosema "tupasue usaha utoke" wazuieni. Kama ni TB, jeraha litakataa kufunga, utabaki na tundu linalovuja usaha na mate miezi kadhaa. Kama ni adenoma ya pleomofiki, ukishatoboa kifuko chake kwa kisu seli zinamwagika na miaka ya baadaye vinundu vinarudi vingi vingi, na kuvitoa bila kuumiza neva ya uso ni kazi ngumu mno. Sindano nyembamba haina shida hiyo. Geji 23 haiui neva.

---

Mteknolojia_TB alijibu:

Naongezea upande wa sampuli, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi za namna hii zinapopotea. Sindano inachomwa vizuri, halafu kila kitu kinatumbukizwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu). Formalini inaua vijidudu, huwezi tena kuotesha, na GeneXpert (mashine inayotafuta DNA ya TB) haikuandaliwa kwa tishu iliyolowekwa humo.

Andaa kabla hujamgusa mgonjwa: sindano za geji 23 mbili au tatu, bomba la mililita 10, slaidi nne zenye jina lililoandikwa kwa penseli kwenye ncha ya ukungu (wino wa kalamu unayeyuka kwenye alkoholi), kopo la alkoholi asilimia 95, na kichupa tasa chenye kifuniko cha kuzungusha, ndani yake mililita 1 ya sodium chloride 0.9% (maji ya chumvi) tasa. Usitumie maji ya bomba. Yana mycobacteria wa mazingira, watakuchanganya.

Safisha ngozi kwa spiriti asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe. Shika uvimbe kati ya vidole viwili usiteleze. Choma mara mbili, sehemu mbili tofauti. Mara ya kwanza lenga katikati kwenye majimaji: huko vijidudu ni vingi, ila seli zimekufa na msomaji wa saitolojia (anayesoma seli kwa darubini) haoni kitu. Mara ya pili lenga ukuta wa kinundu: huko vijidudu ni vichache ila granuloma (vishada vya seli za kinga) zinaonekana. Anayechukua usaha peke yake mara nyingi hupata jibu la "uchafu wa seli zilizokufa, rudia". Kama ngozi ya juu imeshakuwa nyembamba na inang'aa, usichome hapo wala sehemu ya chini inakoning'inia. Pita pembeni kwenye ngozi nzima, kwa mshazari, ili tundu lijifunge. Achia mvuto wa bomba kabla ya kuchomoa, la sivyo sampuli yote inakimbilia ndani ya bomba. Bana kwa pamba dakika tano.

Slaidi mbili zikaushwe kwa hewa, moja ya Giemsa (rangi ya kuonyesha seli) na moja ya Ziehl-Neelsen (rangi ya kuonyesha vijidudu vya TB). Nyingine zitumbukizwe kwenye alkoholi papo hapo, kabla hazijaanza kukauka. Kinachobaki, pamoja na kuoshea sindano na bomba, kiingie kwenye kile kichupa. Usitumie kijiti cha pamba kufuta usaha, kwa sababu ukuta wa kijidudu cha TB una nta na hung'ang'ania nyuzi. Ni bora nusu mililita ya usaha kuliko vijiti vitatu. Kama sampuli haiondoki siku hiyo, weka kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, isigande.

Kwenye fomu andika wazi "uowevu wa sindano, parotidi kushoto" na uombe GeneXpert pamoja na kuotesha. Ukiacha nafasi ya aina ya sampuli wazi, kuna maabara zitaikataa kwa kuwa si makohozi.

Kwa wenzangu wa benchi: tishu ya tezi inasagwa na mililita 2 hivi za bafa tasa, unachukua mililita 0.7 unaongeza 1.4 za dawa ya sampuli, unatikisa kwa nguvu sekunde 10, dakika 10, unatikisa tena, dakika 5, kisha mililita 2 kwenye katriji. Usaha mzito wa sindano unakwenda kwa uwiano uleule wa mbili kwa moja.

Ziehl-Neelsen ikiwa hasi isikuvunje moyo. Darubini inahitaji vijidudu kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ili uvione, na tezi hizi huwa na vichache. GeneXpert Ultra inakamata hata kumi na kitu kwa mililita. Ila nayo ikiwa hasi haijafuta TB, kwa hiyo soma pamoja na saitolojia. Na kuna jibu moja la kukushtua: Ziehl-Neelsen chanya, GeneXpert hasi. Hapo fikiria mycobacteria wasio wa TB, hasa kwa mtoto mdogo, maana matibabu yake ni tofauti.

---

Kisu_Kwanza alijibu:

Mnazunguka sana. Toa uvimbe, peleka histolojia, umepata jibu na matibabu kwa mpigo mmoja. Sindano inakosea mara ngapi?

---

ENT_Kanda alijibu:

Inakosea, sikatai. Ila mkuu, TB hupasui ukapona. Hata ukitoa tabaka lote la juu la parotidi, bado atameza vidonge miezi sita, na umemwongezea uwezekano wa mdomo kupinda, mate kuvuja kwenye kidonda, na shavu kutoka jasho kila anapokula. Tezi iliyoshikwa na TB imegandamana na kila kitu kilicho jirani. Kuitafuta neva humo si sawa na kuitafuta kwenye adenoma yenye kifuko safi.

Kisu kina nafasi yake. Sindano ikirudiwa mara mbili bila jibu, au saitolojia ikitaja seli za mashaka, au neva imelegea, mpeleke. Hata hapo, pakiwa na sindano nene ya kukata kinyama kwa kuongozwa na ultrasaundi, anza nayo. Na kinyama chochote kikitoka, kigawe palepale mezani: nusu formalini asilimia 10 kwa histolojia, nusu sodium chloride tasa kwa maabara ya TB. Mwambie muuguzi wa theatre kabla ya kuanza, maana vikopo vilivyopangwa pale kwa kawaida vyote vina formalini.

---

Mratibu_TB alijibu:

Kuhusu dawa: ndiyo, ni miezi sita ileile. Miwili ya RHZE (dawa zote nne), minne ya RH (rifampisini na isoniazidi). Kurefusha hadi 12 ni kwa TB ya ubongo na ya mifupa, tezi hazimo. Kwa kilo 52 ni vidonge 3 kwa siku vya mchanganyiko (miligramu: rifampisini 150, isoniazidi 75, pirazinamaidi 400, ethambutoli 275), yaani anapata 450, 225, 1,200 na 825. Baada ya miezi miwili vidonge 3 vya RH 150/75. Mpime uzito kila mwezi. Akigusa kilo 55 anahamia vidonge 4, na hili husahaulika sana kwa sababu wagonjwa hunenepa wakiwa kwenye dawa. Piridoksini miligramu 25 kwa siku kuzuia ganzi ya miguu.

Ameze asubuhi kabla ya kula. Tumbo likimsumbua, chai na kitu chepesi, bora ameze. Mwambie mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asije akaacha dawa kwa hofu. Macho ya manjano, kutapika kusikokoma au kuona rangi nyekundu na kijani vibaya: asimamishe na aje siku hiyohiyo. Pima uwezo wa kuona kabla ya kuanza ethambutoli, usije ukabishana baadaye kama tatizo lilikuwepo.

Yuko kwenye umri wa kuzaa, muulize anatumia njia gani. Rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki. VVU apimwe tena wakati wa kusajiliwa. Ingekuwa chanya na anatumia dolutegravir (dawa ya VVU), ingebidi ameze miligramu 50 asubuhi na 50 jioni hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini.

Msajili kama TB ya nje ya mapafu. Kama ni tezi peke yake hamwambukizi mtu: si kwa vyombo, si kwa kubusu, si kwa kulala chumba kimoja. Ila familia ichunguzwe, kwani yeye mwenyewe aliipata kwa mtu, na mtu huyo huenda anakohoa nyumbani. Uvimbe ukipasuka wenyewe, funika kwa bandeji kavu. Kuusafisha kwa kupiga maji kwa bomba la sindano kunarusha vijidudu hewani, na hapo ndipo muuguzi anapoambukizwa.

---

Tabibu_Kijijini aliandika:

Asanteni sana. Tumechoma kama alivyoelekeza Mteknolojia_TB. Majibu: saitolojia granuloma zenye seli za epithelioidi na uozo katikati, hakuna seli za saratani. Ziehl-Neelsen hasi. GeneXpert Ultra: MTB (kijidudu cha TB) imeonekana kiwango cha "trace" (chembe kidogo mno), rifampisini haijulikani. Hajawahi kutumia dawa za TB. Nianze, au hiyo trace ni kidogo mno? Pia, mama huyu anatoka familia ya wafugaji na wanakunywa maziwa mabichi.

---

Mteknolojia_TB alijibu:

Anza. Trace kwenye sampuli ya nje ya mapafu inahesabika chanya. Tahadhari ya trace ni kwa aliyewahi kutibiwa, maana mashine inasoma DNA na haijui kama kijidudu ki hai au kilikufa. Rifampisini haijulikani kwa sababu vijidudu ni vichache mno kwa ile sehemu ya kipimo. Usisome kama usugu. Kama kuna sampuli nyingine mbichi irudie, na fuatilia kuotesha. Mashine ya kuotesha kwenye majimaji hutoa hasi ya mwisho baada ya siku 42, kwa hiyo usisubiri. Muulize tu kama ameishi na mgonjwa wa TB sugu. Akisema ndiyo, mpigie mratibu kabla ya kidonge cha kwanza.

Swali la maziwa ni zuri. TB ya ng'ombe, Mycobacterium bovis, huingia kwa kinywa na hupenda matezi ya shingo, na huku kwetu imeshaoteshwa kutoka kwa wagonjwa wa jamii za wafugaji. GeneXpert haitenganishi, itakuandikia MTB tu. Inatambulika baada ya kuota, kwa hiyo andika "maziwa mabichi" kwenye fomu ya kuotesha ili maabara waende hatua ya pili ya kutofautisha aina. Sababu ya kujisumbua ni kwamba bovis kwa asili haisikii pirazinamaidi.

---

Mratibu_TB alijibu:

Ikirudi bovis, matibabu hurefushwa kufikia miezi 9, nitafute tuyapange. Kwa sasa aanze na nne za kawaida. Maziwa wachemshe hadi yafoke, familia yote, na mtaarifu afisa mifugo wa kata.

Sasa jiandae na hili. Pima uvimbe leo kwa futi kamba, pande mbili, andika kwenye kadi. Kati ya wiki ya tatu na mwezi wa tatu unaweza kuuona umekua, umelainika, au mtoki mpya umetokeza shingoni. Kwa TB ya matezi hali hiyo humpata karibu mgonjwa mmoja kati ya watano, na ni kinga ya mwili inayopigana na mabaki ya vijidudu. Hapo watu hukimbilia kubadilisha dawa au kupasua. Kwanza hakikisha anameza, hakikisha jibu la kuotesha halina usugu, nyonya majimaji kwa sindano kama yanambana, mpe dawa ya maumivu, endelea na vidonge vilevile. Steroidi si za kila mtu. Zihifadhi kwa anayebanwa koo au neva, na kwa ushauri wa daktari bingwa.

Miezi miwili imepita na uvimbe unazidi bila kusita, mrudishe kwa ENT achomwe tena. Na siku ya kumaliza dawa ukikuta kinundu kigumu chini ya sentimita moja kimebaki, kiache, huwa ni kovu. Kikianza kukua baadaye, kinachokata shauri ni kuotesha; GeneXpert peke yake itasema chanya hata kwa vijidudu vilivyokufa.